Daftari la Kesi Niliyoshinda

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 12. Niliusikiliza jikoni, mwiko mkononi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Shikamoo dada. Samahani nakusumbua usiku huu."

Ni binti wa majirani zetu wa zamani wa Tabata. Nilimwacha na sare za shule. Sasa ana kazi, au alikuwa nayo. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Umehuishwa mara tatu, na mara zote tatu aliletewa tu karatasi mezani asaini, chai inaendelea. Safari hii ana ujauzito wa miezi mitano. Akaitwa ofisini, akaambiwa mradi umepungua. Wenzake wawili walioajiriwa naye siku moja wamesaini. Yeye amepewa barua ya mistari mitatu inayomtakia kila la heri.

"Mkataba umeisha juzi, dada," alisema, kisha akanyamaza, nikasikia bodaboda ikipita nyuma yake.

Mwishoni akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: "Wewe ulipita huko, na ulishinda. Niambie tu, nifungue au niache?"

Nikaandika: "Pole sana mdogo wangu. Nitakupigia."

Sikumpigia.

Wiki iliyofuata alinitumia picha ya maua ya Ijumaa Karim. Nikajibu Amina. Wiki ya tatu hakutuma kitu.

(Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, na ameyasoma haya kabla sijayaweka hapa.)

## "Si ulishinda?"

Wasomaji wa siku nyingi mnakijua kisa changu, kwa hiyo nakikata. Januari 2016 nilijifungua. Nikamaliza siku zangu 84 za likizo ya uzazi, nikarudi kazini Aprili, chupa za maziwa zikigongana ndani ya mkoba. Siku ya sita nikapewa barua: nafasi yangu imeondolewa kwa sababu za kiuchumi. Kabla wiki tatu hazijaisha kijana mmoja alikuwa amekalia kiti changu, anawajibu wateja wangu. Cheo ni kile kile, kimebadilishwa neno moja.

Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo sote tunaiita CMA. Februari 2018 nikapata tuzo, yaani uamuzi wa Tume: mishahara ya miezi 12, ambayo kwa sheria ilivyokuwa wakati ule ndiyo fidia ya chini kabisa kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali. Mwajiri akaomba marejeo, yaani uamuzi upitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Akashindwa 2019. Fedha ziliingia Novemba mwaka huo, baada ya mimi kurudi tena kuomba tuzo ikaziwe, yaani mwajiri alazimishwe kulipa.

Mtoto niliyekuwa nikimnyonyesha siku ya kufungua shauri alikuwa ameshaanza chekechea, anaimba wimbo wa taifa na kukosea ubeti wa pili.

Kwa hiyo ndiyo, nilishinda. Kwenye harusi na misiba watu hunitambulisha hivyo: "Huyu ndiye aliyewapeleka CMA akawashinda." Nami hutabasamu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili.

Binti huyu angeniuliza la pili na la tatu. Ndiyo maana sikupiga.

## Daftari jekundu

Baba yangu alikuwa mtunza stoo, na kwake kitu kisichoandikwa kilikuwa kimeshaibiwa. Siku ile ile niliyopata barua nilinunua kaunta buku la jalada jekundu, nikaanza kuandika kila shilingi ya kesi. Bado ninalo, kabatini chini ya mashuka. Usiku wa ule ujumbe wa sauti nililitoa. Wali ulikuwa umeshaungua hata hivyo.

Ukurasa wa kwanza una mwandiko mzuri, kama wa mwanafunzi mwezi wa kwanza wa muhula. *Nauli 800. Fomu na kopi 1,500. Maji 500.* Nauli ni ya daladala, mia nne kwenda na mia nne kurudi. Ukifika ukurasa wa tisa mwandiko umechoka. *Nauli 1,600, nimeenda na dada wa kumshika mtoto. Pampasi. Imeahirishwa.*

Hilo neno "imeahirishwa" nililihesabu. Limo mara 19.

Mwakilishi wa mwajiri anaumwa. Wakili wao yuko Mahakama Kuu. Mwamuzi amehamishwa, faili linasubiri kugawiwa upya. Siku moja barabara ya Jangwani ilifungwa kwa maji na wote tulichelewa, wao kwenye gari lenye kiyoyozi na mimi ndani ya daladala, tukaja kukutana mlangoni tukiwa tumekosa zamu pamoja. Hiyo ndiyo ahirisho pekee iliyonichekesha.

Watu hudhani gharama ya kesi ni ada. CMA haitozi ada hata shilingi, na hilo ni jambo kubwa. Uingereza walianza kutoza mwaka 2013. Kwa shauri la ubaguzi ukijumlisha kufungua na kusikilizwa ilifika pauni 1,200, na watu wakaacha kwenda, hadi Mahakama ya Juu yao ilipozifuta ada hizo Julai 2017. Sisi mlango uko wazi. Lakini mlango kuwa wazi haimaanishi umefika. Kuna nauli, kuna kopi, kuna kiapo cha kusainiwa, kuna chai ya kukaa saa tano kwenye benchi, na juu ya yote kuna siku yenyewe, ambayo ungekuwa unatafuta riziki.

Nilianza bila wakili, maana sheria inaruhusu. Kikao cha kwanza cha uamuzi upande wa mwajiri walikuja na mawakili wawili na begi la magurudumu. Nikalitazama lile begi kikao kizima. Jioni nikaanza kupiga simu. Nilimpata wakili mmoja mpole: laki tano za kuanzia, na asilimia 15 ya kitakachopatikana. Laki tano nilizitoa kikoba, na kikoba hakijui kuahirisha.

Kuna kanuni moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye mashauri ya kazi, aliyeshindwa kwa kawaida halipi gharama za mwenzake, isipokuwa shauri likionekana ni la kipuuzi au la kusumbua tu. Kanuni hiyo inamkinga mfanyakazi, asiogope kufilisiwa akishindwa. Naiheshimu. Ila ina upande wake wa pili: ukishinda, daftari jekundu ni lako peke yako.

Hesabu yangu ni hii. Mshahara ulikuwa 680,000, kwa hiyo miezi 12 ni 8,160,000. Toa asilimia 15 ya wakili, 1,224,000. Toa zile laki tano. Toa jumla ya daftari, 1,312,500. Inabaki 5,123,500, na hapo makato ya kodi sijayagusa.

Kuanzia barua ya Aprili 2016 hadi fedha za Novemba 2019 ni miezi 43.

## Yasiyoingia kwenye safu ya jumla

Maziwa yalikauka mwezi wa pili. Daktari alisema ni wasiwasi, mama mkwe akasema ni jicho, na mimi nilisema ni benchi la CMA. Sina uhakika nani alikuwa sahihi.

Kazi mpya nilipata mwaka mmoja na ushei baadaye, ofisi ndogo, watu wema. Nikaanza kuomba ruhusa. Ruhusa ya kwanza nilisema naenda hospitali. Ya pili nikasema mtoto. Ya nne nikaishiwa uongo, nikasema ukweli, na bosi akanisikiliza kwa huruma kabisa. Baada ya hapo sikualikwa tena kwenye vikao vya mipango ya mwaka. Mkataba ulipofika mwisho ukaachwa uishe. Je, nilibaguliwa tena? Hapana, sidhani. Niliogopwa.

Kuna usaili mmoja siusahau. Watu watatu mezani, maswali yanakwenda vizuri, yule wa kulia hajasema kitu. Mwishoni akafunga kalamu yake akaniuliza, "Wewe si ndiye mwenye kesi na wale wa kule?" Dar es Salaam ni jiji la mamilioni ya watu, lakini kila fani humo ndani ni kijiji.

Mume wangu alisimama nami. Naliandika hili ili lisomeke. Lakini kesi huja kulala kitandani kwenu. Usiku wa manane ukigeuka, unaikuta katikati. Mwaka wa pili aliniomba jambo moja tu, kwamba Jumapili tusiizungumzie. Nikakubali, na Jumapili nyingi tukawa hatuna la kuzungumza.

Mama yangu alisema mara moja tu, tangu siku ya kwanza: "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu." Hakurudia. Alipokuja kumshika mtoto siku za vikao alikuwa anakuja amevaa nguo zake za kwendea kliniki, amenyamaza.

## Meza ya jirani

Rafiki yangu wa meza ya jirani alisikia kila kitu. Alikuwepo meneja aliposema, wiki moja kabla sijajifungua, "Mama sasa ana majukumu mengine, tutafute mtu mwenye muda." Jioni ya barua alinisindikiza hadi kituoni analia kuliko mimi. Akasema, "Nitakuja kusema. Waniite tu."

Sheria inamwelekea mlalamikaji hapa. Ukishaonyesha dalili za awali kwamba umebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua au kwamba alikuwa na sababu inayokubalika. Ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na ujauzito umetajwa humo kwa jina lake. Lakini hizo dalili za awali zinatoka wapi? Hakuna meneja anayeandika ubaguzi kwenye barua yenye nembo. Husemwa mlangoni, nusu utani, mbele ya mtu mmoja.

Siku ya ushahidi simu ya mtu huyo mmoja haikupatikana.

Niliikasirikia ile sauti ya "namba unayopiga" kwa miaka. Kisha mwaka juzi tukakutana Kariakoo, uso kwa uso, mitumba imetubana, hakuna pa kukwepea. Tukasalimiana. Akaniambia bila kuulizwa kwamba alikuwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, umebaki miezi 29. Alikumbuka idadi hiyo kama mimi ninavyokumbuka zangu. Naye alikuwa na daftari lake.

Tulinunua mashuka kwa muuzaji mmoja, akapunguziwa yeye.

## Kiboksi

Hili sijawahi kuliandika.

Tuzo yangu ina kurasa 14. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za jengo, nikitafuta neno moja. Mwamuzi alieleza vizuri kwamba mwajiri hakuthibitisha sababu za kiuchumi, kwamba hapakuwa na mashauriano kama sheria inavyotaka kabla ya kupunguza wafanyakazi, kwamba kiti "kilichoondolewa" kilikuwa na mtu. Uachishaji si halali, upande wa sababu na upande wa utaratibu pia. Nikaendelea kutafuta. Ukurasa wa 12 ndipo lilipo, mara moja tu: kuhusu madai ya ubaguzi, mlalamikaji hakuyaleta kwenye fomu, hivyo Tume haitayaingia.

Hakuyaleta kwenye fomu.

Fomu yenyewe ni CMA F1, ile ya kufungulia mgogoro. Nilijaziwa na kijana wa steshenari aliyekuwa akiwajazia watu wote pale nje, elfu moja kwa fomu. Alinionea huruma, mtoto mgongoni. Tulipofika kwenye aina ya mgogoro akasema, "Mama, weka moja tu, kuachishwa kazi. Ukiweka mengi watakuchanganya." Nikaona ana uzoefu. Akaweka alama moja.

Unachokiandika kwenye ile karatasi ndicho kinachokufunga hadi mwisho, mwaka wa kwanza hadi wa nne, CMA hadi Mahakama Kuu. Kila nilichosema kuhusu ujauzito, kuhusu yale maneno ya "mtu mwenye muda", kilikuwa kimeshakaa nje ya mlango tangu asubuhi ile, kwa mkono wa kijana asiye na kosa, kwa shilingi elfu moja.

Kwa hiyo nilishinda kesi ya kupunguzwa kazi kimakosa. Kesi ya kubaguliwa haikuwahi kusikilizwa na mtu yeyote. Wakinitambulisha kwenye misiba kwamba niliwashinda kwa kunifukuza kwa sababu ya mtoto, sisahihishi.

## Miezi minne

Kabla ya uamuzi kuna usuluhishi, siku 30. Tulikutana chumba kidogo, feni inalia. Wakaleta ofa: mishahara ya miezi minne, cheti cha utumishi chenye maneno mazuri, na sharti kwamba nisiseme popote.

2,720,000. Taslimu, Juni 2016.

Msuluhishi alikuwa mtu wa makamo, hakuwa na haraka. Aliniangalia akasema, "Mama, fikiria. Njia ni ndefu." Sasa najua hakuwa ananitisha. Alikuwa amesoma madaftari ya watu wengi.

Nilikuwa nimeshaanza kulegea, kwa kweli. Nilikuwa nimeshaigawa ile fedha kichwani: kodi ya nyumba, kikoba, kitanda cha mtoto. Ndipo afisa utumishi wao, kwa sauti ya upole mno, akasema, "Tunaelewa mama ana majukumu."

Lile lile neno. Nikasema sikubali.

Nimejiuliza mara nyingi ule ulikuwa ujasiri au hasira tu. Toa 2,720,000 kwenye ile 5,123,500 na utapata 2,403,500. Igawe kwa miezi 43. Ni chini ya elfu 56 kwa mwezi, pungufu ya nilichokuwa nikimlipa dada wa kunisaidia nyumbani. Hiyo ndiyo bei niliyolipwa kwa kutokubali. Kuna siku naiona ni wizi. Kuna siku, hasa nikimtazama binti yangu anavyobishana na walimu wake, naona nilipunjwa lakini sikuuzwa. Siku hizo mbili hupishana bila ratiba.

## Mama wa Alabama

Katika wiki zile tatu za kumkwepa mtu nilijidai nafanya utafiti. Nikarudi kwenye kisa cha Lilly Ledbetter, ambacho nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa benchini.

Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, Gadsden, Alabama, tangu 1979 hadi 1998. Karibu na kustaafu, mtu asiyejulikana alimwachia kikaratasi chenye mishahara. Yeye alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi. Wanaume wa cheo kile kile walikuwa kati ya 4,286 na 5,236. Akafungua kesi. Baraza la wazee wa mahakama likampa zaidi ya dola milioni 3. Kwa kuwa sheria ina ukomo, jaji akazishusha hadi 360,000. Rufaa ikampokonya zote. Mei 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, majaji watano kwa wanne, kwamba alichelewa: siku 180 zinahesabiwa tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanyika, miaka na miaka nyuma, wakati hata hajui kama anapunjwa.

Sheria ilibadilishwa, Obama akaisaini Januari 2009, na imebeba jina lake. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 86. Kwenye kesi yake hakulipwa hata dola moja.

Nilikuwa nimefika hapo, kikombe cha chai mkononi, nimejaa huzuni ya watu wa mbali, natikisa kichwa kuhusu zile siku 180.

Siku 180!

Wenzetu wa Kenya kwa mashauri ya ajira wana miaka 3. Sisi ni siku 60 kwa migogoro mingi ya kazi, na kwa kuachishwa kazi ni siku 30. Zikipita, unaomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine na kiapo, na unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, moja moja, ulikuwa wapi na kwa nini. Angesema nini? "Nilikuwa nasubiri dada anipigie"?

Nikafungua kalenda ya simu. Mkataba wake uliisha tarehe 31. Nikahesabu kwa kidole.

Siku ya 24.

Nilikuwa nimezila siku zake nikitafuta namna nzuri ya kumwambia kwamba kesi hula siku.

## Aliuliza moja tu

Nilipiga pale pale. Akapokea mlio wa kwanza. Nikaomba radhi, akasema "Hapana dada, najua una mambo mengi," na nikajisikia vibaya zaidi. Kesho yake nikaenda Tabata na daftari.

Sikumwambia afungue wala aache. Nilimpa daftari akasoma, kurasa zote, mkono mmoja juu ya tumbo. Alicheka kwenye pampasi. Kwenye "imeahirishwa" ya kumi na kitu akaacha kucheka.

Kisha tukaanza kazi. Nilimweleza kwamba watajitetea kwa jambo moja, kwamba mkataba ulikuwa wa muda maalumu na umeisha wenyewe, hakuna aliyemfukuza. Yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuhuishwa. Ana nini mkononi? Barua pepe za kazini zilifungwa siku ile ile. Lakini mikataba yote ya nyuma alikuwa ameipiga picha. Na kwenye WhatsApp ana ujumbe wa msimamizi wake wa Mei: "Mwakani nataka ushike timu ya Dodoma." Wa Mei. Ujauzito wake ulijulikana ofisini Julai. Ile sentensi nyingine, "kwa hali yako bora upumzike", ilisemwa kwenye korido, na hapo shahidi ni ukuta.

Nikamwambia pia kwamba nakala ya fomu ataipeleka mwenyewe kwa mwajiri ipigwe muhuri wa kupokelewa, na ajiandae kwa getini. Mimi mlinzi aliyekuwa akinipigia saluti kila asubuhi alinisimamisha nje dakika 40, macho chini, anasema ameagizwa. Lile geti liliniuma kuliko barua yenyewe, na sikuwa nimelitegemea. Bora yeye alitegemee.

Fomu tulijaza wenyewe, mezani kwao, kwa penseli kwanza. Tulipofika kwenye aina ya mgogoro niliweka kidole changu juu ya kile kiboksi cha pili, nikakiacha pale hadi alipokisoma. Akaniangalia.

"Na hiki?"

"Hiki ukitaka. Ila usikiache kwa sababu mtu amekuambia watachanganyikiwa."

Aliweka alama zote mbili kwa penseli. Kwenye nafuu anazoomba alikaa muda mrefu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Sikuangalia.

Mama yake alikuwa akipita pita na sahani ambazo hazikuhitaji kuondolewa. Mwishowe akasimama mlangoni. "Huyu mtoto atazaliwa Januari," akasema, akimwambia nani sijui. "Januari watu wako mahakamani?"

Hakuna aliyemjibu.

Binti akaniuliza lile swali wakati ananisindikiza kituoni. Ndilo nililolikimbia wiki tatu. "Dada, ungerudi nyuma, ungefungua?"

Daladala ilikuwa inakuja. Nikamwambia kwamba ningeijaza fomu kwa mkono wangu. Akangoja nimalizie. Konda akaita, nikapanda.

Leo ninapoandika ni siku ya 27. Fomu iko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati lao la vyombo, imeshaandikwa kwa kalamu, nakala nne. Nimemwambia kesho saa moja na nusu asubuhi nitakuwa kituoni Tabata, upande wa duka la dawa, nitangoja hadi saa tatu. Akija tutapanda pamoja, kwa mwajiri kwanza, kisha CMA. Asipokuja, nimemwomba asinipigie kunieleza sababu. Mama yake ndiye aliyeniuliza kama nitachukua chai kabla ya kuondoka au nikirudi.